Nukta Mbili

Kitabu kilikuja na meli ya sukari kutoka Ningbo,
na hadi kinafika Edo kilikuwa bado kinanuka
sukari, kuvu, na jasho la aliyekificha kifuani.
Mwalimu Gensai alikilipia kwa birika la chuma la ukoo.
Bi Otsuru hakusema neno,
ila majira yale ya baridi tulichemsha maji kwenye sufuria,
tukayanywa matupu, tukayaita chai.

Maandishi yaliteremka kama yetu,
lakini safu zilianzia kushoto,
kama mgeni anayeingia kwako kwa mlango wa uani.
Wa kutufundisha hakuwapo. Kuvuka bahari ni kifo,
na kurudi ukiwa umevuka ni kifo cha pili.
Tulikuwa na taa ya mafuta ya samaki
na ukaidi wa mzee.

"Ama," alisoma, "ni baba.
Mtilie nukta mbili ubavuni: eme. Mama.
Unaona, Tomozo?
Matone mawili ya wino, na mzazi amegeuka."
Mimi ndiye niliyenakili, vidole vimekufa ganzi;
sijui baba wangapi niliwageuza usiku ule
kwa kutetemeka tu.

"Na haha ni mwanamume."
Kwetu haha ni mama.
Bi Otsuru akacheka nyuma ya mlango wa karatasi,
mara ya kwanza tangu birika liondoke.

Kisha akaingia kwenye historia, na huko hakutoka upesi.
Bendera nane: nne tupu, nne zenye pindo.
Farasi wangapi, mishale mingapi,
na watu wa kujaa kiganja
wakaikalia nchi isiyohesabika.
Alipofika kwenye amri ya nywele —
nyoa paji, suka kisogo, au toa kichwa —
alinyamaza, akapitisha mkono
juu ya utosi wake mwenyewe, ulionyolewa asubuhi.

Ofisa Makabe alikuja kutoka ngomeni.
"Watatuvamia?"
"Hao ni wa farasi, bwana. Bahari hawaijui."
"Sasa unasoma nini?"
"Nasoma jinsi askari walioteka nchi kwa upanga
wanavyoikalia miaka mia na hamsini,
na wanachokisahau wakiwa wamekaa."
Kikombe cha maji moto kikasimama hewani.
"Askari gani?"
"Wamanchu, bwana," akasema Mwalimu, akiinama hadi mkekani.
"Wamanchu tu."

Mwaka uliofuata alinituma Nagasaki na maswali sabini na matatu.
Karani wa meli, mtu wa Zhejiang aitwaye Zhuang,
aliyajibu mawili, mkia wa nywele kaufutika kolani.
Hati ile hakuijua.
Nikamwomba sarafu. Nikaigeuza mgongo.
"Umeibeba tangu utotoni," nikamwambia,
nikamsomea, kwa ulimi wangu wa kubahatisha,
jina la jimbo lao.
Aliitazama kama jirani aliyemsalimu kwa mara ya kwanza.
"Huko Beijing," akanong'ona, "watoto wao wenyewe
hukodishiwa walimu wa lugha hiyo,
nao hutorokea dirishani."

Niliporudi, Mwalimu hakuuliza majibu.
"Umeisikia ikisemwa?"
"Sikuisikia."
Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyetajiwa bei.
Usiku nilimsikia akijaribu peke yake, kaelekea ukuta:
ama, kwa kuvuta; ama, kwa kukata;
aamaa,
hajui ipi ndiyo,
hadi kutoka jikoni Bi Otsuru,
akidhani ameitwa,
akaitika: "Abee."